Muhogo Mchungu wa Mwalimu Obbo

Muhogo unaovundikwa unanuka uchachu, na kwetu Mwello hiyo ilikuwa harufu ya nyumba yenye chakula. Mwaka ule wa ukame ulibaki ule mchungu peke yake. Nyanya yetu, mama wa baba, aliumenya, akaulundika jikoni chini ya majani ya mgomba mpaka ukaota ukungu mweusi wenye manyoya. Ndipo aliukwangua, akauanika, akautwanga. Mimi na dada yangu Athieno tulikula tukaramba mwiko.

Mwalimu Obbo alitukaririsha kwa fimbo kwamba sayansi asilia ni elimu ya viumbe na vitu, ipatikanayo kwa kuchunguza na kujaribu. Yeye hakuchunguza hata panzi. Siku moja alipita kwetu, akaliona lundo, akalipiga teke.

“Mama Athieno, watoto unawalisha vijidudu?”

“Mwalimu, huu mchungu. Usipovundika unaua,” Mama alijibu.

“Hayo mambo ya kizamani. Osha, chemsha, basi. Nani amesoma hapa?”

Nyanya alikuwa amekwenda matangani Nagongera. Mama aliogopa kuitwa mshamba, akachemsha. Kuku aliyeokota makombo alikufa adhuhuri. Nilimwambia Mama tusiule tena, hakunisikiliza, nikakimbia kwa mwalimu ili yeye amkataze. Alinichapa viboko vinne. “Kuku amekufa kwa mdondo,” alisema. Niliporudi walikuwa wanakula tena, nami kwa njaa nikala. Nilitapika usiku kucha nikapona. Athieno hakuiona asubuhi.

Niliishia darasa la nne, lakini hili nalijua. Historia unasimuliwa, maana waliokuwepo wamekufa. Dini unaamini. Sayansi asilia ni tofauti: unakiuliza kitu chenyewe, nacho kina haki ya kukuambia umekosea. Nyanya, asiyejua kuandika jina lake, na waliomtangulia, waliuuliza muhogo. Obbo alisoma tu, kuku akamjibu, naye akakataa kusikia.

Mwaka jana nilimzuia sokoni. “Mwalimu, unamkumbuka Athieno?”

“Athieno yupi, ndugu yangu?” Nilipomtajia baba yetu, alitikisa kichwa. “Ahaa, yule. Vijidudu vilikuwa vingi miaka ile.”

Siku hizi shule yetu ina chumba cha sayansi chenye darubini na mifupa ya plastiki, na juu ya mlango wameandika jina la Obbo. Binti yangu anasomea humo. Nimemwambia, mwalimu akikufundisha jambo la kula, aonje yeye kwanza.