Kalenda Yangu Imeletewa Harusi, na Majina Yote ni ya Nyumbani Kwangu

Admini, nakuomba ulifiche jina langu kabisa, usiache hata herufi ya kwanza, maana Arua nzima inasoma ukurasa huu na Koboko pia. Na nyinyi wasomaji mnivumilie, Kiswahili changu ni cha huku kwetu West Nile.

Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa mwaka wa tisa huu, na nina watoto wawili, tuwaite Siraji na Kiden. Kazi yangu ni kuimba na kupiga adungu, ile ala ya nyuzi ya kwetu, kwenye harusi na sherehe za mahari. Leo niko Onduparaka, kesho Adumi, wiki ijayo Koboko. Watu hawaniiti kwa ajili ya sauti tu, wananiita niwasifu watu wa ukoo kwa majina. Huku ukisahau shangazi mmoja, utamsikia akilalamika mpaka mwaka uishe.

Zamani mtu akinitaka alikuwa anauliza mtaani, na aliyemwelekeza alimwambia kabisa mimi ni mke wa nani na nimezaliwa wapi. Mwaka jana rafiki yangu mwenye duka la kuchapisha karatasi pale mtaa wa Oli akanitengenezea kalenda ya mtandaoni. Siku yenye nafasi ni kijani. Mteja akiibonyeza inakuwa njano, mimi nikikubali inakuwa nyekundu. Chini kuna sehemu ya kuandika majina ya watu wa kusifiwa, upande wa mume na upande wa mke. Mungu ambariki huyo dada, nilianza kupata kazi kwa watu ambao hata siwajui.

Mume wangu alikubali kwa sharti moja. Alisema, "Sura ya mke wangu isitembee huko mtandaoni. Na jina lako pia, hapana." Basi nikaweka picha ya adungu peke yake na jina la jukwaani. Nilifurahi, jamani. Nilidhani ni wivu wa mapenzi.

Sasa Jumanne iliyopita nafungua simu, naona Jumamosi ya wiki ijayo imekuwa njano. Sherehe ya mahari, Koboko. Nikashuka kwenye majina. Upande wa mke siwajui hata mmoja. Upande wa mume, wa kwanza ni Babu Sajini, jina tunalomwita babu yake mume wangu. Nikacheka kidogo, nikasema kumbe Babu Sajini wako wengi, huku nyumba nyingi zina wanajeshi wa zamani. Wa pili, Shangazi Hawa, na mume wangu naye ana Shangazi Hawa. Kicheko kikaisha. Halafu baba mkwe wangu, na lile jina la utani analoitwa na wanawe tu. Mwisho wameandika: watoto wa bwana harusi, Siraji na Kiden. Jina la bwana harusi mwenyewe hakuna, wameandika "atatajwa siku hiyo."

Nilikaa chini pale pale jikoni, maharage yakaungua.

Nikampigia aliyeandika. Ni dada wa bibi harusi, ana sauti nzuri, ana heshima. Nikajifanya nataka kujua namna ya kutamka majina. Nikamwuliza, "Hawa watoto wawili, mama yao iko wapi?" Akasema, "Dada, hiyo sisi hatujauliza. Wewe imba tu."

Msikimbilie kunihukumu, nimejaribu kuwa na akili. Mume wangu ana mdogo wake, Musa, anaishi Koboko na hajaoa. Huku kwetu watoto wa kaka ni watoto wako, unaweza kuwataja mbele za watu na hakuna atakayeshangaa. Kwa hiyo inaweza kuwa ni harusi ya Musa. Nikampigia na yeye, nikamtania, "Shemeji, nasikia unaoa!" Akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa, akasema, "Aa shemeji, mambo ya huku uliza mzee wako hapo nyumbani." Akakata.

Jioni hiyo mume wangu akarudi, akala, akanawa mikono. Huyu mtu hajawahi kuuliza habari ya kalenda yangu hata siku moja. Akasema, "Mama Siraji, Jumamosi ya wiki ijayo funga. Umechoka. Chukua watoto muende kwa mama yako Adumi."

Nikamwuliza, "Na wewe?"

"Mimi iko na safari ya simsim Koboko."

Nikasema sawa, maana kazi yake ni biashara ya simsim, ule ufuta. Tangu siku hiyo namtazama tu. Amenunua viatu vipya, anasema ni vya msikitini. Simu yake sasa inalala kifudifudi. Akienda kuoga anaingia nayo, maji na simu wapi na wapi?

Dini yake inamruhusu mke wa pili, hilo nalijua tangu ananioa. Kinachoniuma ni kufichwa. Watu wa kule hawajui kwamba mwimbaji waliyemchagua ndiye mke, na wangejuaje, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyenificha sura?

Usiku na mchana nasoma yale majina upya. Kama ni harusi ya Musa, mimi ni mke wa kaka yake mkubwa, ningekuwa mtu wa tatu au wa nne kusifiwa. Ukiacha Musa na mume wangu, wamewataja wote wa ile nyumba, mpaka jirani aliyemlea baba mkwe. Mimi sipo.

Siku bado ni njano, na yule dada amenitumia ujumbe leo anataka jibu. Niikatae, niende Adumi na watoto kama nilivyoambiwa, nisijue? Au niikubali, niingie na adungu yangu, niwasifu mmoja mmoja, nikifika kwa Siraji na Kiden niwatajie na mama yao? Ndugu zangu, nibonyeze wapi?