Pombe ya Siku Tano

Juzi nilipanga foleni kwa mama anayeuza asali sokoni Mikinduri. Mbele yangu mwanamume aliyefunga tai alitaka asali na muratina, yale matunda makavu ya kuchachusha pombe. Alisema baba yake ni mgonjwa, na ameomba kuwabariki wajukuu kwa pombe aliyoitengeneza mwanawe, si ya kununua.

"Mama, nikitia hamira, itaiva kesho?"

Mama akaacha kumimina asali. "Kwani unapika mandazi? Ni siku tano, na uichunge mwenyewe."

"Siku tano sina, mama. Jumatatu kazi, jioni watoto, Jumatano mkutano wa shule..."

"Na baba yako anazo hizo tano?"

Mwanamume akalegeza tai, akatoa simu, akampigia mkubwa wake kuomba ruhusa ya wiki moja. Akasikiliza, kisha akasema polepole, "Hapana, bosi, hajafa. Ndiyo maana naomba sasa."

Sijui alijibiwa nini. Lakini ofisi zetu nazijua: ruhusa ya mazishi utapewa kabla hujamaliza kulia. Ya kukaa na mzee anayepumua haina fomu.