Miguu ya Cherehani Ilibaki Kisumu Ndogo

Rachael Nafuna hakuacha kamwe kung'ata nyuzi za watu. Akiona uzi unaning'inia kwenye nguo yako, awe anakujua au la, aliinama akaukata kwa meno. Nilimwona akimfanyia hivyo mchungaji, makaburini, katikati ya maombi.

Alipomwacha mumewe, Walubengo, huko Kisumu Ndogo, aliondoka na kichwa cha cherehani ndani ya gunia. Miguu, yaani ile stendi ya chuma yenye pedali, ilimshinda kubeba. Walubengo akaweka televisheni juu yake, akangoja. Alijua kichwa peke yake hakishoni.

Nafuna akakodi kibanda cha kushonea mtaani Kawangware 56. Akina mama wa kwaya ya Kisumu Ndogo wakampa kazi: magauni ishirini kabla ya Pasaka. Asipoyamaliza, angekosa kodi na kibanda kingemtoka. Akaenda kwa wazee wa ukoo kudai miguu yake.

"Akitaka kushona," Walubengo aliwaambia wazee huku akitabasamu, "aje ashonee nyumbani."

"Wazee, mmesikia?" Nafuna akauliza.

Walikuwa wamesikia.

Jumatatu asubuhi akafika kwa Walubengo na gunia lake, akaiteremsha televisheni, akafunga kichwa juu ya miguu yake, akaanza kushona. Walubengo akawatangazia majirani kwamba mke amerudi. Jioni mke akafungua kichwa, akakitia guniani, akapanda bodaboda kurudi Kawangware.

Jumanne wakaja wanakwaya kujaribu magauni. Chumba ni kimoja.

"Shem, toka kidogo, tunavua."

"Hii si nyumba yangu?"

"Ni yako kabisa. Tutakuita."

Hawakumwita. Alikula chakula cha mchana nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jumatano akatazama mpira kwa jirani, ambaye alimcheka zaidi kuliko alivyoutazama mpira wenyewe. Alhamisi, akina mama tisa walipoketi kitandani mwake na kuanza mazoezi ya sauti, alikodi mkokoteni, akaisukuma ile stendi mwenyewe hadi Kawangware, jasho likimtiririka.

Magauni yakaisha siku mbili kabla ya Pasaka.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwake kupimwa nguo, nilimwuliza kama, siku zile, hakutamani kubaki kwa Walubengo. Pedali ikasimama kidogo.

"Nilitamani, mwalimu. Jumatatu ile alikuwa amenipikia matumbo kwa mikono yake. Nilikula haraka haraka, nikatoroka."