Saa ya Mzee wa Oakdale

Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwa yule mzee niliyeajiriwa kumhudumia kule Oakdale, Amerika, niliona sebuleni kabati refu jembamba la mwaloni, limeegemezwa ukutani, mlango wake uko wazi na ndani hamna kitu. Kulikuwa na baridi na nilikuwa na koti zito. Nikamuuliza binti yake kama naweza kulitundika humo.

"Hapana," ikajibu sauti kutoka kwenye kiti cha dirishani. Ilikuwa sauti ya mzee mwenyewe, na hilo ndilo neno pekee alilonipa siku hiyo.

Binti yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiishi Plymouth, upande wa pili kabisa wa jiji, alinipeleka jikoni akanieleza. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya baba yake nguvu za upande wa kulia, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, moja moja. Mazoezi hataki. Wahudumu waliotangulia aliwafukuza. Lile kabati lilikuwa mwili wa saa ya Kiingereza, saa ndefu ya kusimama sakafuni, ya zaidi ya miaka mia mbili, iliyoletwa na mama wa mzee alipohamia Amerika kutoka kaskazini mwa Uingereza. Mzee alifanya kazi ya mashine kiwandani maisha yake yote, na alipostaafu akawa anatengeneza saa za zamani kwenye besmenti, chumba cha chini ya nyumba. Hii ya mama yake aliiacha iwe ya mwisho. Aliifungua yote ili aisafishe, na ikiwa bado vipande vipande, kiharusi kikampiga.

"Kabla theluji haijaanza namhamishia kwangu," binti akasema. "Nyumba tunaiuza. Hilo kabati nitampa yeyote atakayekuja na gari la kulibeba."

Hakushusha sauti. Kutoka jikoni nilimwona mzee akigeuza uso dirishani.

Nilimwita Mzee tangu mwanzo, kwa sababu sikuweza kumwita mtu wa umri wa baba yangu kwa jina lake tupu kama wanavyofanya huku. Aliniuliza kwa macho maana yake ni nini. Nilipomweleza kwamba kwetu Kenya ni neno la heshima, aliitikia kwa kichwa, na jina likabaki hilo. Lakini heshima haikunisaidia na mazoezi. Mtaalamu wa viungo alikuwa amemwachia mpira laini wa kufinya kwa mkono mgonjwa. Kila nilipouweka kiganjani aliuacha uanguke, kisha ananitazama kama anayesubiri nikasirike. Nikaokota, akaangusha, nikaokota.

Wiki hiyo yote tulishindana hivyo. Mwishowe niliketi mbele yake nikamwuliza, "Mzee, mpira hutaki. Haya, unataka nini?"

Midomo yake ilihangaika. "Chini," akasema. Nikasubiri. "Saa."

Nilishuka besmenti. Juu ya meza ya kazi, vipande vya ile saa vilikuwa vimepangwa kwenye trei za mayai na chupa za jamu, vimefunikwa kitambaa: magurudumu ya meno ya shaba ya manjano, mabamba mawili manene, kengele, nyundo ndogo, na uso wa saa wenye maua ya waridi yaliyochorwa kila pembe. Ngazi zile hangeziweza, kwa hivyo nilivipandisha jikoni kwa beseni la nguo, safari baada ya safari, nikavitandaza mezani juu ya taulo. Mzee alivuta kiti chake kwa mguu mmoja mzima mpaka akafika.

Mimi si fundi wa saa. Kabla sijaja huku nilikuwa fundi cherehani Eldoret, na najua kufungua mashine ya kushonea, kuitia mafuta na kuirudisha. Nilidhani hiyo ingetosha. Haikutosha.

Kazi yenyewe ukiieleza ni rahisi. Kila gurudumu limekaa kwenye mhimili wake, na kila mhimili una ncha nyembamba pande zote mbili. Ncha za upande mmoja zinaingia kwenye matundu ya bamba la kwanza. Kisha unashusha bamba la pili juu, na ncha zote za upande ule mwingine lazima ziingie kwenye matundu yake kwa wakati mmoja. Ukiingiza moja, nyingine inachomoka. Mzee alilishika bamba kwa mkono wa kushoto, mimi nikawa nasogeza mihimili kwa kibanio, na yeye akiniongoza kwa maneno yake machache. "Juu. Bado. Polepole." Tulijaribu siku nyingi. Siku moja nikaona zimebaki ncha chache tu, nikachoka kusubiri, nikabonyeza.

Nilisikia kitu kikilia, tik, kidogo sana. Ncha ilikuwa imepinda.

Mzee alifumba macho. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nilimpa chakula chake, nikamsaidia kunawa, nikaondoka zamu ilipokwisha.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Yeye ana-drive lori, na habari za chuma hazimtishi, ila alikuwa na hoja yake.

"Wewe uliajiriwa ku-take care ya mzee, si ya chuma," akasema. "Kikikuangukia mguuni utamwambia supervisor nini? Mwambie mzee umeshindwa, ataelewa."

"Nimeshaanza," nikamwambia. "Nitamaliza."

Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia na kujibu kwa Kiingereza, alinitafutia video za mafundi. Nilizitazama mbili tatu. Yule fundi alikuwa na mikono miwili mizima na alizungumza haraka, na hakuna mahali alipopinda ncha.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mzee yuko mezani tayari. Sijui alijikokotaje kutoka chumbani. Alikuwa amelitenga lile gurudumu lenye ncha iliyopinda, na kando yake kaweka mshumaa. Alinyoosha kidole kwenye droo, nikamtolea koleo ndogo yenye midomo laini. Mimi nilishika mhimili, tukapasha ncha moto kidogo kwenye mshumaa, na yeye, kwa mkono wa kushoto ambao haukuzoea kazi hiyo, akawa anainyoosha kidogo kidogo mpaka jasho likamtoka. Akishindwa kuituliza koleo anapumzika, anarudi tena. Jioni haijafika ncha ilikuwa imenyooka.

"Umeona," akasema. Hilo lilikuwa neno jipya.

Tukarudi kwenye bamba. Ili lisiteleze, alianza kuuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto na kuuweka juu yake kama mzigo. Siku mtaalamu wa viungo alipokuja, alisimama mlangoni akatutazama kabla hatujamwona. Vidole vya mkono mgonjwa vilikuwa vimejikunja kuzunguka nguzo ndogo ya shaba inayounganisha mabamba, vimeishika kwa udhaifu lakini vimeishika. Aliuchukua mpira wake na kuutia mkobani. "Endeleeni na hicho mnachofanya," akasema. Nilimwomba amweleze hivyo hivyo msimamizi wangu, na alimweleza.

Bamba lilipokubali kukaa, Mzee alianza kuzungumza zaidi, na alizungumza habari za mafundi. Uso wa saa ulikuwa umeandikwa jina la mtu na la mji wake mdogo, nami nilikuwa nikiamini kwamba huyo ndiye aliyeitengeneza. Mzee alicheka puani. Ilimchukua karibu alasiri nzima kunieleza, kwa vipande vya maneno na kwa kuonyesha kwa kidole. Shaba ilimiminwa na watu wengine. Uso ulitoka mji mwingine, wenye karakana za wachoraji ambao hakuna anayewajua. Kabati ni kazi ya seremala wa karibu. Mwenye jina alinunua, akakata, akasugua, akakutanisha, akahakikisha inakwenda, akauza. Kisha Mzee akaugeuza uso wa saa akanionyesha nyuma yake mikwaruzo niliyodhani ni ya uchakavu. Zilikuwa alama za mafundi waliowahi kuisafisha, kila mmoja kakwaruza yake kwa ncha ya chuma, nyingine zimefifia hazisomeki.

"Na yako iko wapi?" nikamwuliza.

Alitikisa kichwa. "Haijakwenda," akasema. Alimaanisha kwamba fundi hatii alama kwenye saa ambayo haijaanza kwenda.

Upande wa mashine unaoendesha mishale ulituitikia upesi. Upande wa kugonga kengele ndio uliotutesa. Tulikuwa tumeifunga mashine kwenye kistendi cha mbao juu ya meza, uzito wa madini ya risasi unaoiendesha ukining'inia pembeni. Siku moja alasiri mshale ulifika saa tisa, nyundo ikainuka, kengele ikagonga mara tatu kama inavyopaswa. Kisha ikagonga ya nne, ya tano, ikaendelea. Kuna ulimi mdogo wa chuma unaopaswa kuizuia, nao niliuweka vibaya. Nilijaribu kuizuia kwa kidole, nyundo ikanipiga. Kengele ikalia jikoni kote, haina dalili ya kuchoka.

Mlango ukafunguliwa, binti yake akaingia na mifuko ya vyakula. Alisimama pale, kengele inalia, mimi nanyonya kidole. Mzee alikuwa anacheka. Kicheko kilimpinda mdomo upande mmoja, mabega yakamtikisika, machozi yakamtoka. Binti aliweka mifuko sakafuni, akakaa kitini na koti lake, akamtazama baba yake mpaka uzito ulipofika chini na kengele ikanyamaza.

"Sijamsikia akicheka tangu hospitali," akaniambia.

Hakuondoka haraka siku hiyo kama kawaida yake. Alituuliza kipi ni kipi. Mzee alimwonyesha mahali pa ulimi, akamwambia, "Wewe. Weka." Akauweka yeye, kwa vidole vyenye rangi ya kucha, na baba yake akimsahihisha. Tulipojaribu tena, iligonga tatu ikanyamaza.

"Kwetu hiyo ni saa tisa," nikawaambia. Wakanitazama, nikawaeleza kwamba kwetu saa zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, kwa hivyo kengele ikigonga mara tatu mchana sisi tunasema tisa.

"Afadhali yenu," akasema Mzee.

Binti akainuka akaenda sebuleni. Nilimsikia akivuta futi ya kupimia. Aliporudi alituambia kwamba dari ya sebule yake Plymouth iko juu kuliko hii, na saa itaingia bila kukatwa pembe zake za juu. Hakusema zaidi kuhusu kuigawa, wala sisi hatukumkumbusha.

Tulifanya haraka baada ya hapo, maana theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka ikayeyuka. Siku mashine ilipokwenda juma zima bila kusimama, Mzee aliomba msumari wa chuma. Nilidhani atautumia mkono wa kushoto. Aliuweka kwenye ule wa kulia, akavikunja vidole vyake kwa msaada wa ule mwingine, akakwaruza nyuma ya uso alama iliyopinda ambayo hata mimi niliyekuwepo siwezi kuisoma. Kisha akanisogezea msumari.

"Mimi nimeshikilia tu," nikamwambia.

"Weka."

Nikaweka herufi ya kwanza ya jina langu, ndogo, pembeni. Binti yake alipofika, naye akaweka ya kwake.

Kule Plymouth tuliisimamisha tukiwa watatu, mimi, binti na mume wangu. Mume wangu alilibeba kabati na hakulalamika, ila aliniambia tukiwa njiani kwamba kumbe mashine yenyewe ni nyepesi kuliko alivyodhani. Tuliweka vipande vyembamba vya mbao chini ya miguu ya kabati hadi likasimama wima. Mzee alifumba macho akasikiliza pendulamu, ile fimbo ndefu yenye sahani ya shaba mwishoni. Mlio ulikuwa unachechemea, tik ikija karibu mno na tok. "Kushoto," akasema. Tukasogeza. "Kidogo." Ulipolingana, alifumbua macho akaomba fremu yake ya kutembelea. Alisimama mbele ya saa, mkono wa kulia umeushika mlango wake, na kwa wa kushoto akaitia ufunguo mwenyewe. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyejitolea kumsaidia.

Kazi yangu kwake iliishia hapo, kwa kuwa Plymouth walipata mhudumu wa karibu. Kampuni ikanipeleka kwa bibi mmoja Anoka, ambaye hana haja na saa ila anapenda kusomewa magazeti.

Katikati ya baridi binti alinipigia simu. Baba yake alikuwa amelazwa na homa ya mapafu, na yeye akashinda hospitali siku zote hizo, hakuna aliyeikumbuka saa. Ikasimama. Alikuwa ameitia ufunguo, ameisukuma pendulamu, inakwenda dakika chache na kufa.

"Kesho wanamruhusu kutoka," akasema. "Sitaki aingie aikute kimya."

Nilikuwa kwenye maegesho ya duka, theluji inaanguka juu ya kioo cha gari. Nilizima injini.

"Weka simu karibu na kabati," nikamwambia. Akaisukuma pendulamu, nikasikia mlio ukichechemea tena. Nadhani mtu aliyefagia alikuwa amelisukuma kabati. "Chini ya mguu wa kulia, mbele. Toa kipande kimoja cha mbao."

Nilimsikia akipiga magoti, akihema. "Nimetoa."

"Sukuma tena."

Ulikuja mlio mmoja, ukaja mwingine, sawa. Tuliusikiliza wote wawili mpaka kioo changu kilipofunikwa kabisa na theluji. Kesho yake, kabla ya saa sita, alinitumia ujumbe: Mzee amefika, ametembea kutoka garini mwenyewe, na anasema saa inachelewa dakika mbili.