Mama Swichi na Simu ya Ijumaa Jioni

Kahambu hakuomba kuitwa Mama Swichi. Lakini kusema ukweli, alijitakia.

Ilikuwa Ijumaa, ndio kwanza amehamia kwa ploti yetu hapa Kamwokya, Kampala, na cherehani yake na mdogo wake Tresor, wametoka Butembo kule Kongo. Ng'ambo ya ua wanakaa Nafuna na baba yake. Hao ni Wayahudi, wale Abayudaya wa Mbale. Ijumaa jua likizama hawagusi moto, hawagusi simu, hawagusi swichi, mpaka Jumamosi usiku nyota zitoke. Na kwa ile nyumba hata kumwomba jirani akugusie hairuhusiwi. Unaweza tu kuongea mambo yako hewani, jirani mwenyewe ajijue.

Sasa siku hiyo Baba Nafuna alisahau taa ya chumbani inawaka. Akasimama mlangoni, akaangalia juu, akaongea kama mtu anatangaza hali ya hewa:

"Eh. Leo mwangaza wa ndani ni mkali. Mtu hawezi kulala."

Kahambu alikuwa mgeni lakini si mjinga. Akaelewa kuna kitu kinataka kuzimwa. Shida ni kwamba akaenda kukizimia kwa boksi kubwa la ukutani, lile la umeme wa ploti nzima.

Na sisi wote tulikuwa kwa jirani yetu Okot mwenye TV, tunaangalia mpira, dakika za mwisho, mtu ameshaweka mpira kwa alama ya penati.

Giza.

"Nani amegusa swichi?!" Okot alipiga kelele mpaka mbwa wakajibu.

Kasauti kadogo ka Kikongo kakatoka gizani: "Ni miye. Baba alisema mwangaza inamuchoma."

Bao lenyewe tulilisikia kwa shangwe ya ploti ya jirani. Fikiria hiyo aibu. Kesho yake akawa Mama Swichi, na haikupita wiki jina likafika kanisani kwake. Pasta alisimama mbele ya Wabatisti wote akasema, "Sasa Mama Swichi atatuongoza kwa wimbo," kwaya ikaanguka kicheko. Alinuna. Akanuna tena. Halafu akazoea. Siku hizi ukiita "Kahambu!" anageuka nyuma kuangalia unamwita nani.

Lakini huyu mama akishajifunza kitu, amejifunza. Alijua swichi gani ni ya nani. Alijua Baba Nafuna akikohoa mara mbili ni jiko limebaki na moto. Na kila Ijumaa kabla ya mishumaa, Nafuna alikuwa anampelekea simu yake, anaitia kwa kikapu chake cha vipande vya kitenge, kwa sababu ikikaa karibu itamjaribu.

Na hiyo simu ilikuwa na kazi! Nafuna alikuwa na diploma, anataka kwenda ng'ambo kusomea kutengeneza miguu bandia. Chuo kilishamkubali. Ila walimwambia asipopata wa kumlipia mwaka huo, nafasi inaenda kwa mwingine. Basi akawa analala na kuamka kwa mtandao, anatafuta skolashipu za wanafunzi Wayahudi.

Na ziko! Ziko nyingi sana! Ukifungua sasa: hii lazima uwe mkaazi wa Chicago. Ile lazima wazazi wako wasali kwa sinagogi za jimbo fulani. Ingine ni mkopo bila riba, tamu kabisa, lakini wanataka wadhamini wawili wenye anwani ya Marekani. Baba Nafuna akauliza kama anwani ya mlinzi wa ubalozi inahesabika.

Habari zikaenea kwa ploti kwamba Wayahudi wanasomeshwa. Tresor akapaki boda yake akaja na heshima zote.

"Dada Nafuna, huo Uyahudi mutu anaingilia mulango gani?"

"Kwetu Mbale? Kwa kisu."

"Ganzi iko?"

"Ganzi ya nini? Kwetu mwanaume anasimama wima, anaangalia mbele, hapepesi jicho."

Tresor akakumbuka kuna abiria anamngoja.

Mwishowe ikapatikana moja. Mfuko wa watu wa Marekani, wanasaidia wanafunzi Wayahudi wa jamii ndogondogo za mbali. Nafuna akaomba, rabi wa kwao akamwandikia, akapita hatua ya kwanza. Halafu Alhamisi usiku ujumbe ukaingia: kesho intavyu kwa video, saa sita mchana, asiyepatikana nafasi yake inapewa anayefuata.

Tulipiga vigelegele, banange. Nafuna peke yake ndio alikuwa anahesabu kwa vidole. Saa sita mchana ya kwao ni saa moja jioni ya kwetu. Ijumaa. Jua limeshazama.

Yaani mfuko wa Wayahudi umemwita Myahudi ndani ya Sabato. Waliangalia saa yao, wakasahau dunia ni ya mviringo.

Aliwaandikia palepale awaombe saa ingine. Kimya. Ijumaa asubuhi, kimya. Ijumaa mchana, kimya, wenzetu ndio kwanza wanaamka. Na sisi wa ploti, unajua vile tuko, kila mtu akageuka rabi.

"Ongea tu, dakika ishirini. Mungu ataelewa," Okot alisema.

"Ingia chooni, ongea pole pole," Tresor akaongeza.

Baba Nafuna alikaa mlangoni kwake. Alikuwa anapiga viatu rangi, vile vile viatu, tangu asubuhi.

Kahambu aliacha cherehani. "Ninyi ni batu ba namna gani? Bale ba mfuko banataka kumupatia hiyo pesa sababu ni Muyahudi. Halafu aache Uyahudi ndio aipate? Hiyo ni kuuza kuku ndio ununue muchuzi ya kuku."

Nafuna alicheka kidogo, macho yamejaa maji.

Jioni akaja na simu kama kawaida. Aliishika kidogo kabla ya kuiachia kwa kikapu.

"Mama, sikutumi kitu."

"Najua, mutoto."

"Simu ikilia, basi italia tu."

"Itafanya nini ingine? Ni simu. Nenda uwashe mishumaa."

Mimi nilikuwa pale nangoja suruali yangu ifupishwe. Saa moja kamili, kikapu kikaanza kutetemeka. Kahambu akatazama simu. Akanitazama mimi. Akavaa vizuri futi yake ya kupimia shingoni kama mkufu, akabonyeza.

Watu watatu wakatokea. Mama mmoja wa mvi, miwani, na wanaume wawili wenye makoti.

"Obita, wewe utatafsiri," aliniambia. "Na usinipunguzie."

Akaanza. "Habari zenu. Nafuna hayuko kwa simu, na hatakuwa. Muangalie wenyewe." Akageuza kamera mlangoni. Anga nyeusi, na ng'ambo ya ua dirisha moja dogo na mishumaa miwili nyuma ya pazia.

Mama wa mvi akafunika mdomo. Wanaume wakaangaliana. Halafu mmoja akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, mpaka akapangusa macho. Anamwambia mwenzake, wewe ndio ulipanga hiyo saa! Mwenzake anaangalia meza.

"Tusamehe sana," mama akasema. "Na wewe ni nani? Wewe pia ni Myahudi?"

"Hapana. Miye ni Mubatisti. Miye nafanya swichi."

Niliitafsiri hivyo hivyo. Aliniambia nisimpunguzie.

Wangeweza kukata. Lakini yule mama akauliza, Nafuna ni mtu wa aina gani? Jamani, kosa kubwa hilo. Kahambu alivuta stuli. Akawaeleza vile aliugua malaria mwezi wake wa kwanza hapa, hajui mtu, na Nafuna akampikia uji kila asubuhi, akileta na sufuria yake mwenyewe kwa sababu ile ya Kahambu ilikuwa imepika nguruwe. Akawaeleza vile Nafuna alimpeleka kliniki mgongoni, msichana mwembamba vile. Akawaeleza kwamba huyo mtoto anataka kufanya miguu ya watu, na kwao Butembo kuna watu wengi vita vimewaacha na mguu mmoja, kwa hiyo wafanye haraka.

Mama wa mvi hakuandika kitu. Alisikiliza tu. Mwisho akasema: "Mwambie Jumatatu. Saa tatu asubuhi ya kwenu. Sisi ndio tutaamka usiku."

Simu ikakatika. Kahambu akabaki anapumua kama amepanda mlima wa Old Kampala mbio.

Sasa tatizo. Huwezi kubisha hodi kwa Wayahudi siku ya Sabato uanze habari za intavyu. Na mtoto ako ndani anakula chakula kama udongo. Kahambu akatoka uani na suruali yangu mkononi, akasimama chini ya lile dirisha, akaangalia juu.

"Eh," aliambia mbingu. "Jumatatu asubuhi itakuwa siku muzuri sana ya kuongea na batu."

Ndani kijiko kikaanguka.

Baba Nafuna akatoa kichwa. "Umesema nini, mama?"

"Sijasema kitu, Baba. Naongea na suruali."

"Aa." Mzee akaangalia suruali. "Na suruali inasema ni saa ngapi?"

"Inasema tatu."

Tukasikia Nafuna anaimba. Sauti haiko sawa kabisa, yule dada hajui kuimba, lakini hakuna wa ploti aliyelalamika.

Jumatatu mambo yalienda vizuri. Skolashipu aliipata, visa akaipata, na uwanja wa ndege Kahambu alilia kuliko baba mtu, akalia mpaka askari akauliza kama naye anasafiri. Sasa ni mwaka wa pili. Nafuna anatuma picha za miguu ya plastiki, Kahambu anazionyesha wateja kama picha za wajukuu. Na vijana Abayudaya wakiingia Kampala kutafuta ufadhili, wanaelekezwa kwa fundi wa nguo wa Kibatisti. Anawauliza kitu kimoja kwanza: "Umeuliza ni saa ngapi ya huku?"

Ijumaa anawazimia taa wale walio karibu. Siku hizi, tangu Nafuna aende, Baba Nafuna hakohoi, anakaa tu gizani mapema. Kwa hiyo Mama Swichi anavuka ua na sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa sufuria ya Nafuna bila kitu cha kukatazwa, wanakaa mlangoni wanakula.

Basi na wewe, usipite kimya kama umekuja kuchungulia bei. Nani jirani aliyekupigania kwa kitu ambacho si cha dini yake, si cha kabila lake, hata hakielewi vizuri? Tuandikie hapo chini, na jina lake la utani uliweke. Ulipata skolashipu kwa njia ambayo huwezi kumweleza mama yako? Hiyo ndio naitaka zaidi.