Upande wa Bomba Unaotazama Paa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi wa kuchomelea pale Keko, nyuma ya wale watengeneza makochi na vitanda. Kazi nilikuwa naijua, na ubaya wake nilikuwa najua kwamba naijua. Dirisha nikilisaga na kulipaka rangi, mwenye nyumba hakuweza kuona chuma kimeungwa wapi. Kwa sifa hizo nikawa natembea mtaani kama vile chuma nimekivumbua mimi.

Bosi wangu alikuwa Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala. Alianza na kuchonga vinyago kwa baba yake, baadaye akahamia kwenye chuma. Maneno yake yalikuwa machache, na ukiyapata ulijua umeyatafuta.

Basi alikuja mteja, Bwana Abbas, Mhindi wa hapa hapa mjini, na gari lake la porini, yale marefu yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Alikuwa akishindana na wenzake kupanda vilima na kukata matope huko Pugu. Kiti cha pembeni alikaa binti yake, Zehra, msichana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyemsomea njia. Bwana Abbas alitaka tumfungie kizimba, yaani mabomba mazito yanayozunguka ndani ya gari, ili likipinduka paa lisiwabane waliomo. Mashindano yalikuwa Jumamosi.

Mzee alipima, akachagua bomba nene, akalikunja kwa mkono wake. Jumanne akapata msiba Gongo la Mboto. Kabla ya kuondoka akaniambia niyashikize mabomba kwa nukta za moto tu, yasianguke, kisha nimngoje. Nimngoje! Mimi, fundi mzima? Mwanangu, sikio halipiti kichwa, lakini langu siku hizo lilikuwa limepita.

Sasa kizimba hukaa karibu kabisa na paa. Kila kiungo cha juu kina upande mmoja unaotazama bati, na hapo hupita kidole tu, mkono wenye kijiti cha kuchomelea haupiti. Nikafanya kama tulivyozoea kwenye grili za madirisha. Upande wa ukutani hatukuwa tukiuchoma, maana nani ataupekua? Nikachoma pande zinazoonekana, nikazisaga mpaka zikawa laini, ule wa juu nikaujaza kwa kidole puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Miguu ya kizimba nikaichomea moja kwa moja kwenye bati la sakafu, jembamba kama sahani ya kulia wali. Nikapaka rangi nyeusi. Mafundi makochi walikuja kutazama, na mmoja akasema kitu kizuri kama kile kingefaa kuwekwa sebuleni. Nilifurahi, sikujua kama nimetukanwa.

Mzee alirudi Alhamisi asubuhi. Hakusalimia. Aliingia ndani ya gari, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo, akakipeleka juu, upande wa bati, akakwangua kwa ukucha. Puti ikatoka.

"Huku juu umechoma?"

"Mkono haufiki, mzee."

"Sijakuuliza mkono. Umechoma, hujachoma?"

"Sijachoma. Si kama grili tu, mzee? Nani atauona?"

"Grili ikibanduka inaanguka chini. Hii ikibanduka inamwangukia mtu kichwani." Akanipa ile nyundo kubwa. "Piga."

Nilipiga ya kwanza kwa kujiamini. Ya pili rangi ikapasuka. Ya tatu kiungo kikaachia upande wa juu, bomba likaning'inia, na mguu wake ukatoboa sakafu ukatokeza chini. Nikamwona akilini yule msichana amekaa pale chini yake. Niliona haya, na zaidi ya haya niliogopa.

Nikasema tupitishe moto tena juu juu, rangi, Jumamosi itapita. Mzee aliichukua nyundo mkononi mwangu.

"Bwana Abbas anakuja saa kumi. Utamwambia wewe."

"Mzee, karakana ni yako..."

"Puti nilipaka mie?"

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nataka kuficha maradhi yangu ndani ya gari la watu wawili, kifo kije kiwaumbue wao.

Saa kumi wakaja wote wawili, Zehra ameshika daftari lake la njia. Nilisimama mbele yao, nikaonyesha kile kiungo, nikasema yote: sikuchoma juu, nimeficha kwa puti, miguu haina kitu chini yake, na Mzee alinikataza. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami nilichutama.

Zehra ndiye aliyewaka. "Miezi mitatu najiandaa! Kila kona nimeiandika humu. Sasa Jumamosi twende na nini, fundi? Kwa miguu?"

Baba yake hakupandisha sauti. Alikiinua kile kipande kilichoning'inia, akakiachia.

"Jumamosi ningempandisha humu," akasema, kama anajisemea. Kisha akamgeukia Mzee. "Toeni chote. Anzeni upya. Ila atengeneze huyu huyu."

Hata Mzee alishangaa. "Huyu?"

"Huyu sasa hawezi kusahau."

Tulianza upya, na mashindano ya Jumamosi ile yakapita bila wao. Ndipo Mzee akanionyesha jambo ambalo ningelijua Jumanne ileile kama ningengoja. Alikata matundu kwenye sakafu, pale miguu inapokaa. Tukakishusha kizimba chote kupitia matundu yale, vile viungo vya juu vikashuka mbali na paa, na mkono ukafika. Nilichoma kila kiungo mzunguko mzima. Kisha tukakipandisha, tukaweka sahani nene za chuma juu na chini ya sakafu, tukazibana kwa bolti, ndipo miguu ikasimama. Nilipoinua grinda ya kusagia kwa mazoea, Mzee akaniambia, "Kinyago nilikuwa nakisugua kwa sababu kinatazamwa. Hiki kinabeba. Kiache na makovu yake." Mwisho tukafunga sponji ngumu kwenye kila bomba ambalo kichwa kingeweza kuligonga. Kilikuwa kibaya cha sura, lakini nilikaa ndani yake nikaona raha.

Najua unangoja nikwambie kwamba gari lilipinduka na binti akatoka mzima. Halikupinduka. Walishindana nalo miaka mingi, wakashinda na kushindwa, wakaliuza. Siku moja Zehra alipita kwangu Tabata, sasa ni mama wa watoto wawili, akanicheka. "Fundi, kizimba chako tumekibeba bure miaka yote ile. Kizito hicho!" Nikamwambia bure hiyo ndiyo niliyokuwa nikimwomba Mungu kila Jumamosi.

Basi nisikilize, wewe unayefunga vizimba leo, na hata wewe ambaye hujawahi kushika chuma. Kama mkono haufiki, usiseme haufiki. Toboa sakafu, shusha kazi nzima, ufike. Puti ni ya kuremba, isizibe ufa. Usiuweke mguu wa kitu kizito juu ya bati jembamba. Mkubwa akikwambia ngoja, ngoja, hata kama kidole kinakuwasha. Na ukikosea, liseme kosa kwa mdomo wako kabla mtu hajapanda. Utaona haya saa moja, lakini utalala usingizi maisha yako yote. Mimi nalala, na sikuhitaji gari la mtu lipinduke ili nijue kazi yangu ni nzima.

Mungu akupe macho ya kuona upande usiotazamwa, na mkubwa wa kukukemea mapema, na wateja wako wazeeke salama wakilalamikia uzito wa chuma chako.