Amina ya Bi Kamuna wa Hara Kebira

Alizaliwa Kamuna binti Rahamimu mwaka 1899 hapa Hara Kebira, mtaa wetu sisi Wayahudi wa Djerba, kisiwa cha Tunisia. Baba yake alisokota sufu; mama yake alimshukuru Mungu kila asubuhi kwa sauti kubwa mpaka majirani wakanung'unika. Kwa mama huyo alijifunza baraka zote: ya mkate, ya maji, ya matunda, hata ya radi. Aliolewa na sonara Khalafu. Alipoona hashiki mimba, aliwakusanya watoto wa wenzake uani pake, akawafundisha kushukuru kabla ya kutia kitu kinywani. Hakuwa na kiboko. Alikuwa na kapu la tende na kanuni moja: mmoja anabariki, wengine wanaitika Amina, na aliyebariki hatafuni mpaka aitikiwe. Rabi wa mtaa alimwonya kwamba sheria haisemi hivyo, aliyebariki hula papo hapo. "Najua, Rabi," alimjibu. "Lakini hawa wadogo nataka wafurahie hata tende ya mwenzao." Rabi akacheka, akamwachia.

Miaka kumi ya ndoa ikapita bila mtoto. Khalafu, kama desturi ilivyomruhusu, akaoa mke wa pili, Mesauda, msichana mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima. Haukuisha mwaka akazaa binti, Ghazala. Hapa waandishi wenzangu wa maisha ya watakatifu hupita haraka haraka. Mimi sipiti. Kamuna aliona wivu, tena wivu wa kumkosesha usingizi na chakula. Alizionea wivu hata nepi zilizoanikwa kambani. Siku ya kumpa mtoto jina, ua mzima uliitika Amina, yeye akakaza midomo.

Na Mesauda, jamani, naye hakuwa malaika. "Bi mkubwa, mbona kimya?" alimwuliza mbele ya wageni. "Watoto wa watu unawafundisha shukrani kutwa nzima, ya nyumbani imekushinda?"

"Lea kwanza, bi mdogo. Kelele baadaye."

Tangu hapo Mesauda aliogopa kijicho. Alimvika mtoto kidani cha samaki wa fedha cha kumkinga, akamkataza kabisa kulikaribia darasa la uani. Ghazala akawa anakaa nyuma ya pazia la jiko la mama yake, anasikiliza.

Kiangazi cha mwaka 1928, tini za kwanza zilipoiva, Kamuna alikuwa peke yake uani akiteka maji. Ghazala akatoka jikoni na tini mkononi, akasimama, akabariki: "Umebarikiwa Wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uumbaye matunda ya mti." Hakukosa neno. Hata kile kikohozi kidogo cha Kamuna katikati ya baraka alikitia. Kisha akaisogeza tini mdomoni, akangoja.

Kamuna hakuitika. Sauti ilikuwa yake, mtoto hakuwa wake.

"Kula, mwanangu!" Mesauda alipaza sauti kutoka jikoni. "Huyo hakuitikii leo wala kesho."

"Bado," alisema mtoto. "Mama mkubwa hajasema."

Utomvu ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nzi wakaja. Midomo ikaanza kumtetemeka, na bado hakula. Ndipo Kamuna alipoona anachofanya: anamnyima mtoto chakula kwa mafundisho yake mwenyewe. Akaiweka ndoo chini.

"Amina," alisema. "Kula, mama. Kula." Akaangua kilio.

Wapo wanaodai kuwa wivu ulimtoka saa ile. Wamejuaje? Yeye mwenyewe alikana. Alisema kila asubuhi aliukuta wivu unamsubiri, na kila asubuhi aliitika hivyo hivyo. Mesauda alizaa wengine wanne, na wote walijifunza baraka kwa Kamuna. Ikawa zamu ya Mesauda kuumia, maana watoto wakianguka, walimlilia mama mkubwa.

Kamuna alifariki majira ya baridi ya mwaka 1957. Watoto wote watano walikizunguka kitanda wakilia, na Mesauda alisimama mlangoni, mikono kifuani. "Mimi watanililia hivi?" alinong'ona, na wote walimsikia. Kamuna akaomba maji. Akabariki kwa sauti ya kukatika, akashika bilauri. Chumba kizima kikaitika, isipokuwa Mesauda. Hakunywa. Alikuwa akimtazama mke mwenzake.

"Bi mdogo," alisema, "mkono unachoka."

Mesauda akaja mpaka kitandani. "Amina," akasema. "Amina, dada yangu. Kunywa."

Akanywa.

Leo Ghazala anafundisha katika ua ule ule. Wanawake wa Hara huwasha taa ya mafuta kaburini kwa Kamuna pale mwenzao anapopata walichokikosa wao, na wengi husimulia kwamba sauti iliyokuwa imewakauka huwarudia. Nasi tumwige. Jirani yako akipewa kile ulichokiomba wewe, usingoje moyo upoe. Ameshika tini yake, anakutazama. Itikia.